Asome Wapi, au Asome kwa Nani?



Wasomaji wetu watukufu, wiki iliyopita safu hii haikutoka kwa kuwa tulikuwa safarini. Tulialikwa Kisii kuozesha, na baada ya nikahi tukabaki siku 4 zaidi, tukazungushwa na wenyeji wetu hadi Keroka na Nyamira, katika vilima vya chai na migomba. Leo twapenda kuwahadithia mabishano tuliyoyakuta katika nyumba tuliyofikia. Tuna yakini kuwa mabishano hayo yamo pia katika nyumba za Kisauni, Malindi na Lamu, hususan wakati huu ambapo watoto wetu waliomaliza kidato cha nne wamekwisha kujua wamepangiwa chuo gani.

Mwenyeji wetu ni Mgusii wa Nyamira. Alisilimu ujanani alipokuwa akifanya kazi Mombasa katika maghala ya chai, na mkewe ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Binti yao wa kwanza amefaulu vizuri, naye amepata nafasi ya kusomea ualimu wa hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Kisii, ambacho ni mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwao. Tungedhani kwamba nyumba hiyo ingekuwa katika furaha. Lakini yuko ami yake anayeishi Minnesota, Marekani, ambako Wagusii wengi wamehamia. Ami huyo alikuwa amepiga simu na kusema: mleteni mtoto huku, asome katika chuo kikuu cha umma cha jimbo hili, chuo chenye jina duniani. Akatuma na orodha kuthibitisha maneno yake.

Ili kupata karo ya mwaka wa kwanza na gharama za safari, baba alikuwa ameazimia kuuza shamba la chai aliloachiwa na marehemu babake kule Nyamira.

Chakula kilipoondolewa, mwenyeji wetu alitoa simu yake akatuonyesha ile orodha. "Shekhe," alisema, "nikiulizwa mwanangu anasoma wapi, niseme hapa hapa, nyuma ya soko?" Mkewe, aliyekuwa akimimina chai, hakuinua macho. "Na wewe ukiulizwa shamba la mama yako liko wapi," akamjibu, "utasema limepanda ndege?"

Tuliombwa tuamue. Tulikataa kuamua usiku ule, tukasema kwanza twataka kuelewa hiyo orodha ni kitu gani, nani kaiandika, na kapima nini. Tuliyoyakusanya tangu hapo ndiyo haya.

Jarida la Marekani liitwalo U.S. News & World Report lilianza kuvipanga vyuo vya nchi hiyo mwaka 1983. Njia yake ya mwanzo ilikuwa moja tu: kuwauliza wakuu wa vyuo wanavionaje vyuo vya wenzao. Baadaye liliongeza mizani nyingine, kama vile idadi ya wanafunzi wanaomaliza masomo, lakini maoni ya wakuu yangali na uzito. Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, huhesabu miongoni mwa mengine washindi wa Tuzo ya Nobel na makala zilizochapishwa katika majarida ya Nature na Science. Orodha ya QS kwa miaka mingi ilitoa alama 40 katika kila 100 kwa maoni ya wasomi walioulizwa ni vyuo vipi wanavyoviheshimu. Na Webometrics, ambayo magazeti yetu hupenda kuitaja yanapotangaza vyuo bora vya Kenya, ilianzishwa Uhispania mwaka 2004 ili kupima jinsi chuo kinavyoonekana katika intaneti.

Hatusemi kwamba vipimo hivi ni uongo. Kila kimoja kina analolitafuta, na watafiti na serikali huenda wakafaidika nacho. Lakini hakuna hata kimoja kinachoingia darasani, kikaketi nyuma, kikamsikiliza mhadhiri akimfundisha binti wa miaka 18 hesabu asiyoielewa. Mzazi anasoma nambari ile akidhani imejibu swali lake, ilhali imejibu swali la mtu mwingine.

Tena nambari zenyewe hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mwanafunzi hazioni. Miongoni mwa vyuo vya umma vya Marekani, Berkeley na UCLA vya California, Michigan na Virginia hushindania nafasi za juu, na watu wa huko hubishana juu yake kama sisi tunavyobishania timu za mpira. Mwaka 2019 jarida lile liliiondoa Berkeley katika orodha kwa kuwa chuo hicho kilikiri kupeleka hesabu zisizo sahihi za michango ya wahitimu wake. Mwaka 2022 Columbia, ambacho ni chuo cha binafsi, kilishuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 baada ya profesa wake mwenyewe wa hisabati kuzitilia shaka takwimu kilizozitoa. Je, wahadhiri wa vyuo hivyo walisahau elimu yao kwa usiku mmoja?

Asubuhi ya pili mwenyeji wetu alitupeleka Nyamira kuliona shamba. Si kubwa. Mama yake mzazi, ajuza mwenye nguvu zake, alikuwa kati ya michai na kikapu mgongoni. Bonasi ya majani ya shamba hilo ndiyo iliyomsomesha mwenyeji wetu, ndiyo iliyomlipia ami wa Minnesota nauli yake ya kwanza, na ndiyo inayomfanya bibi yule asiwe mwombaji kwa wanawe. Tulimwuliza kama ameambiwa kuhusu mpango wa kuuza. Alitazama pembeni akasema, "Wanaume wanazungumza."

Tukiwa hapo tulimwuliza mwenyeji wetu, kwa kuwa aliwahi kuitumikia chai kwenye maghala ya Mombasa, maana ya yale maandishi tuyaonayo juu ya magunia: BP1, PF1, PD, D1. Je, ya kwanza ndiyo chai bora kuliko zote? Alicheka. "Hapana, Shekhe. Hiyo ni saizi ya chembe tu. Majani yakishakatwa na kukaushwa hupitishwa katika chekeche. Kubwa hubaki juu, ndogo hushuka chini, na kila moja hupewa herufi zake. BP1 ya kiwanda kimoja huuzwa ghali, BP1 ya kiwanda kingine ikakosa mnunuzi."

"Basi mnunuzi hujuaje?" tukamwuliza.

"Kabla ya mnada hupelekewa sampuli. Huichemsha, akaionja."

Alinyamaza kidogo, nasi hatukumwongezea neno. Tukarejea Kisii kwa matatu, kila mtu na mawazo yake.

Ndugu wasomaji, chekeche lina kazi yake, na orodha ina kazi yake. Kosa ni kulipa kabla ya kuonja. Basi na tuvionje vyuo hivi viwili ambavyo nyumba ile ilikuwa ikivilinganisha.

Vyuo vikuu vya umma vya Marekani vina asili ya kuheshimika. Mwaka 1862 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuyapa majimbo ardhi ili yaiuze na kwa fedha hizo yaanzishe vyuo vya kuwafundisha watoto wa wakulima na mafundi kilimo na ufundi. Ni kweli kuwa ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili, na jambo hilo halifichiki. Lakini nia ya vyuo ilikuwa kumfikia mtoto asiye wa tajiri. Minnesota, Wisconsin, Michigan State na California ni miongoni mwa vilivyonufaika. California ikaenda mbali zaidi: mwaka 1960 iliweka mpango wa ngazi 3, ili kijana aanze katika chuo kidogo cha miaka 2 karibu na kwao, na akifanya vizuri ahamie chuo kikuu kikubwa. Kwa hiyo hata huko kwenye majina makubwa, mlango wa pembeni uliwekwa kwa makusudi, na wengi huingilia hapo.

Lakini neno "umma" lina mpaka. Chuo cha umma cha jimbo hulipwa na wenyeji wa jimbo hilo kwa kodi zao, na kwa hiyo hao ndio wanaopunguziwa karo. Atokaye nje hulipa mara 2, mara 3, na penginepo zaidi. Mgeni mwenye viza ya masomo hutakiwa aonyeshe kwanza kwamba ana uwezo wa kulipa gharama za mwaka wa mwanzo. Na yale maneno tunayoyasikia, "atafanya kazi huku anasoma", yana kipimo katika sheria: wakati wa masomo mgeni huyo huruhusiwa kazi ya ndani ya chuo tu katika mwaka wake wa kwanza, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Saa hizo hazilipi karo ya mgeni. Shamba la Nyamira lingelipa mwaka mmoja. Wa pili ungelipwa na nini?

Na Chuo Kikuu cha Kisii je? Nacho kilianza kwa ardhi ya wananchi. Mwaka 1965 kilikuwa chuo cha walimu wa shule za msingi, katika ekari 61 zilizotolewa na baraza la wilaya ya Gusii. Mwaka 1983 kikawa cha walimu wa sekondari, mwaka 1994 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wasomaji wa Pwani mtaitambua miaka hiyo. Ni mwaka 2007 huo huo Chuo cha Pwani cha Kilifi na Chuo cha Ufundi cha Mombasa vilipopandishwa kuwa vyuo vishiriki, na 2013 hiyo hiyo vikawa vyuo vikuu kamili. Na kile cha Mombasa, kabla ya majina yote hayo, kilikuwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na wengineo. Hivi ni vyuo ndugu, vya rika moja. Tulipokuwa Kisii tulisalimiwa msikitini na kijana wa Lamu anayesoma hapo, akatulalamikia kwamba alitamani kupangiwa Nairobi. Hatuna shaka kwamba wako na vijana wa Kigusii huko Kilifi wanaolalamika vivyo hivyo.

Hatutamsifu mtu kwa upofu. Kisii iliwahi kupanua matawi kupita kiasi, na mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliiamuru iyafunge mengi yao. Vyuo vyetu vya umma vina madeni, na migomo ya wahadhiri imewarefushia watoto miaka. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023, unaozipanga familia kwa kipato, umewachanganya wazazi wengi. Mzazi ana haki ya kuyauliza yote haya. Ila aulize kwa chuo cha mbali kama anavyouliza kwa cha karibu.

Wako watakaosema: lakini jina hufungua milango. Ni kweli, hufungua baadhi. Lakini mtazameni Wangari Maathai. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani katika ule mpango wa ndege uliohusishwa na Tom Mboya na familia ya Kennedy. Hakupelekwa Berkeley wala Michigan. Alikwenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wanawake katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Kutoka hapo alipata shahada ya uzamili Pittsburgh, na uzamivu wake aliupata hapa hapa Nairobi mwaka 1971. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ile orodha ya Shanghai inayohesabu washindi wa Nobel ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mwanamke huyo alibebwa na walimu waliomwona akiwa mtu mmoja kati ya wachache, si nambari kati ya maelfu.

Hapa hatuna budi kukiri jambo letu wenyewe. Tulisoma madrasa tangu utoto, chini ya paa la makuti, kwa maalimu ambaye hakuwahi kuandika kitabu wala kupanda mimbari kubwa. Kila tulichonacho cha sarufi na fiqhi, msingi wake ni yeye. Tulipokuwa vijana tulihudhuria darsa za mwezi mmoja katika chuo mashuhuri. Kwa miaka mingi, kila tulipoulizwa tulisoma wapi, tulitaja chuo kile cha mwezi mmoja. Maalimu wetu tulimwacha bila kumtaja. Siku moja, katika matanga yake, mtu alitugeukia akatuuliza kama tulimfahamu marehemu. Aibu ya swali lile hatujaisahau hadi leo.

Nayo ni aibu kubwa zaidi kwetu kwa sababu wazee wetu walitufundisha njia nyingine. Mwanachuoni wa zamani hakuulizwa "wapi?" Aliulizwa "kwa nani?" Ijaza yake ilimtaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Hata misikiti mikubwa ya elimu, kama Qarawiyyin ya Fas, ambayo inasimuliwa kuwa ilijengwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859, watu waliiendea kwa ajili ya wanaoketi ndani yake.

Usiku wa mwisho, ami wa Minnesota alipiga simu tena. Bibi mwenye nyumba aliiweka simu mezani, sote tusikie, kisha akamwuliza shemejiye swali moja lililonyooka: "Shemeji, wewe mwenyewe ulianza wapi?" Palikuwa na kimya. Kisha akasema kwamba alianza katika chuo cha miaka 2, kidogo, ambacho jina lake hakuwahi kulitaja nyumbani. Huko ndiko alikopata leseni ya uuguzi inayomlisha hadi leo. Nyumbani alikuwa akisema yuko katika chuo kikuu cha jimbo. "Kaka angesema nini," aliuliza, "kama angejua?" Mwenyeji wetu hakujibu kwa muda. Halafu akasema, "Ningesema alhamdulillahi, kama ninavyosema sasa."

Ndipo binti, aliyekuwa kimya siku zote zile, akasema kwamba hakuna aliyemwuliza anataka kusoma nini. Anataka fizikia. Alikuwa amekwisha kwenda mwenyewe chuoni Kisii akaomba aonyeshwe maabara, akazungumza na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Alikuwa na orodha yake mwenyewe katika daftari: mazuri upande mmoja, mabaya upande mwingine. Mabaya hayakuwa machache. Lakini alikuwa ameonja.

Kutokana na daftari hilo na mazungumzo yale, twawaachieni, hasa nyinyi akina mama ambao aghalabu ndio mnaobeba gharama asizozihesabu mtu, maswali machache ya kuulizana kabla ya kuuza kitu chochote. Mtoto anataka kusoma nini, na somo hilo hufundishwa na nani? Katika kila 10 wanaoingia darasa hilo, wangapi humaliza, na kwa miaka mingapi? Karo ya mwaka wa mwisho, si wa kwanza pekee, itatoka wapi, na je, itatoka katika riba? Shahada hiyo inatambuliwa na Tume ya vyuo vikuu na chombo kinachotoa leseni ya kazi anayoitaka? Nani atakayekosa chakula au heshima ili yeye asome, na je, huyo ameulizwa?

Na wala mlango wa Marekani haujafungwa kwa anayeanzia nyumbani. Kwa shahada za uzamili na uzamivu, hasa za sayansi, vyuo vya umma vya huko mara nyingi huwalipia karo na kuwapa posho wanafunzi wanaowasaidia maprofesa kufundisha na kutafiti. Kijana mwenye shahada nzuri ya kwanza kutoka Kisii, Kilifi au Mombasa anaweza kuuomba mlango huo. Atakwenda akiwa mtu mzima, na shamba la bibi yake litakuwa lingali na michai.

Alfajiri ya kuondoka kwetu mwenyeji wetu alitusindikiza hadi stendi ya mabasi. Jirani yake mmoja alimsalimu, akamwuliza kama ni kweli binti anakwenda Amerika, na kama si kweli, anakwenda kusoma wapi. Tulimtazama uso wake. "Anakwenda kusoma fizikia," alisema, akatubebea begi letu hadi mlangoni mwa basi.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimwomba Mola elimu yenye manufaa, na akijikinga Kwake na elimu isiyonufaisha. Nasi twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu hiyo, popote watakapoipata, awarehemu walimu tuliosahau kuwataja, na atupe sisi wazazi ujasiri wa kuwataja. Amin.